Siku Ambazo Dell Hakupiga Mtu

1 Desemba

Daftari hili nimepewa na afisa anayemsimamia mdogo wangu Dell, aliyetolewa gerezani wiki mbili zilizopita kabla ya muda wake kwisha. "Bi. Haskett," aliniambia, "andika siku kwa siku anavyokwenda, kisha katikati ya Februari uniletee." Sharti ni moja na halihitaji wakili wa kulieleza: Dell akimpiga mtu, mtu yeyote, kwa sababu yoyote, anarudi ndani kumalizia miaka minne iliyobaki. Alifungwa kwa kumvunja mtu taya baani. Alipomaliza taya aliendelea.

Mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba ataishi chini ya paa langu. Basi paa lenyewe ni hili: kijumba kilichopakiwa mgongoni mwa pikapu, vitanda viwili vyembamba, jiko la gesi, hita yenye makelele na sinki isiyo na maji. Nimekuwa nikipanda nacho huku milimani kila majira ya baridi tangu niolewe na marehemu Orrin, pamoja na mbwa, kuwafukuza puma, wale paka wakubwa wa milimani, mpaka wapande mtini. Sisi hatuui. Tunampiga puma picha, tunawasifu mbwa, tunarudi kunywa kahawa. Bunduki hatuna, maana Dell haruhusiwi kukaa karibu nayo.

Mbwa ni watatu. Rooster na Tick ni vijana wajinga. Mabel ana miaka tisa, Orrin alimlea kwa chupa akiwa mdogo wa kutoshea kwenye kofia, na ndiye kitu pekee cha Orrin ambacho bado kinapumua.

Siku ya 1. Hajapiga mtu.

2 Desemba

Upepo tu. Siku ya 2. Hajapiga mtu, hakukuwa na mtu wa kupigwa.

6 Desemba

Theluji mpya, kina cha vidole vinne, na kulipokucha tukakuta nyayo za puma dume zikivuka barabara ya msituni. Nikafanya kama kila mwinda puma anavyofanya: nikaburuta buti nikakata mstari mrefu mbele ya nyayo, nikaandika kwa kidole L.H., herufi za jina langu, na saa. Ukishachora mstari, nyayo ni zako. Atakayekuja nyuma yako anageuza gari, hata kama amesafiri kutwa nzima. Hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu jambo hilo na sijawahi kuona ikihitajika.

Saa nne puma alikuwa juu ya mti na Mabel anaimba chini yake mpaka nikatokwa na machozi. Dell alikuwa anacheka, nyusi zake nyeupe kwa theluji. Sijamwona akicheka hivyo tangu alipokuwa anang'oka meno ya utoto.

Siku ya 6. Hajapiga mtu.

9 Desemba

Habari za maji, kwa faida ya afisa, ambaye nina hakika anaoga kila asubuhi. Mabomba ya kijumba tuliyakausha tangu Oktoba, kwa sababu yakibaki na maji yanapasuka. Tunayeyusha theluji jikoni. Sufuria nzima inatoa kikombe kimoja cha maji na majani matatu ya msonobari. Maji machafu yanatoka kwenye sinki kwa mpira hadi kwenye ndoo chini ya gari, na ili njia isizibe kwa barafu namimina humo dawa ya pinki ya mabomba, ile isiyoganda na isiyomdhuru mtu. Namimina kidogo, kwa hiyo ndoo inaganda vilevile. Kila asubuhi Dell anaigonga kwa kisigino cha shoka, anaibeba ile barafu ya sabuni na supu na kuitupa kwenye shimo nyuma ya misonobari. Bakuli la mbwa nalo linaganda kabla hawajamaliza kunywa. Wanakula theluji.

"Dada," Dell ameniambia leo, "kule gerezani nilikuwa na maji ya moto, choo cha ndani na televisheni."

"Rudi basi. Mlango unaujua."

"Nilikosa mtu wa kunifokea vizuri."

Nimemrushia kijiko. Amekidaka. Siku ya 9. Hajapiga mtu.

13 Desemba

Clete Rausch ameegesha trela lake chini yetu, kwenye uwanja wa kugeuzia magari. Clete huleta wateja wa mbali wanaotaka kichwa cha puma ukutani. Trela lina jenereta na bafu. Alipita kutusalimu akiwa na taulo begani, makusudi.

"Bi. Lorna, harufu yenu inanifikia kule. Njoo uoge, nitafumba jicho moja."

"Fumba yote mawili, Clete, usije ukafa kwa mshtuko."

Tukacheka. Kisha akamgeukia Dell. "Na wewe, mfungwa? Wamekutoa au umetoroka?"

Dell akatia mikono mfukoni na kumwambia habari za asubuhi. Mikono ikakaa humo mpaka Clete alipoondoka. Siku ya 13. Hajapiga mtu.

19 Desemba

Nina hasira, utanisamehe mwandiko.

Asubuhi nilipata nyayo za jike, na pembeni yake nyayo ndogo za watoto wawili. Nikachora mstari, nikaandika jina na saa, na chini nikaongeza WATOTO, ili hata mpumbavu aelewe kwamba huyu haguswi. Tukaendelea mbele kutafuta dume. Tuliporudi, matairi ya Clete yalikuwa yamepita juu ya mstari wangu, juu ya herufi zangu, na mbwa wake walikuwa wanabweka bondeni. Kabla hatujashuka kwenye gari tukasikia risasi. Tatu. Mpigaji mzuri anahitaji moja.

Tuliwakuta wakimburuta kwa miguu ya nyuma. Risasi ya kwanza ilikuwa imemvunja taya, ya pili imempasua tumbo, na maziwa yalikuwa yanatoka pamoja na damu. Mteja, jamaa wa kusini mwenye koti jipya, alikuwa ametapika kwenye buti zake. Watoto hatukuwaona. Wataganda kabla ya kesho.

"Mstari wangu uliuona," nikamwambia Clete.

"Mstari gani? Upepo umefuta."

"Hakuna upepo," Dell akasema.

Clete akavua glavu yake iliyolowa damu ya yule jike na kumpiga nayo Dell usoni. Akampiga tena upande wa pili. Pua ya Dell ikaanza kuvuja.

"Nirudishie basi! Si ndiyo fani yako? Njoo, piga hapa, mteja wangu atakuwa shahidi. Nasikia ukinigusa tu wanakuja kukuchukua."

Dell alitia mikono mfukoni. Aliitia kwa nguvu mpaka nikasikia mshono wa koti ukikatika. Damu ilidondoka kidevuni, akaiacha idondoke. Mimi nilikuwa na chupa ya chai ya chuma mkononi, na sijui hata ilivyotoka. Ilimkosa Clete kwa kiganja kimoja ikapasua taa ya gari lake.

"Mwendawazimu!" akapiga kelele. "Nyie wote wendawazimu!"

Mimi sina masharti. Siku ya 19. Amepigwa mara mbili. Hajapiga mtu.

25 Desemba

Nyama ya swala ya kopo, viazi, keki ya dukani. Dell amenichongea filimbi ya kuitia mbwa. Nilimpa soksi. Siku ya 25.

3 Januari

Nyuzi thelathini chini ya sifuri na upepo juu yake. Kuta zinapiga kelele, misumari inaruka. Hita ilizimika alfajiri na tukaamka pumzi zetu zimeganda kwenye blanketi. Tulilala na mbwa wote kitandani, Mabel miguuni kwangu. Nilimtazama Dell akichokonoa hita kwa bisibisi, pua bado ina alama ya ile glavu, nikajiuliza mtu huweka wapi hasira kama ile. Haiwezi kuwa imekwisha. Nadhani anaipakia mahali, na mahali hapo pana mwisho wake. Naogopa siku hiyo. Siku ya 34. Hajapiga mtu.

8 Januari

Tick amekufa.

Tulimfukuza dume mkubwa tangu asubuhi, akapanda mti uliokufa, mwembamba, kwenye ukingo wa genge. Nilijua mti haufai. Nikasema tuwaondoe mbwa, Dell akaanza kuwafunga, na tawi likakatika. Puma akaangukia katikati yao. Tick alimrukia kwa ujinga wake wote, na yule mnyama akamshika kichwa kizima kinywani na kufunga. Nilisikia mfupa. Kisha akamgeukia Mabel, akamrarua bega, na Mabel hakurudi nyuma, alikuwa anamuuma shingoni huku anavuja damu.

Dell hakuwa na kitu mkononi. Alikwenda akamshika puma mkia kwa mikono miwili akamvuta. Sitanii, afisa. Puma akageuka na kumkwangua kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, na Dell akampiga kwa lile tawi lililokatika, puani, mara nne, tano, akipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Puma akaruka gengeni akatoweka. Dell aliendelea kupiga theluji mahali alipokuwa mnyama, mpaka tawi likabaki kipande cha shubiri moja.

"Dell," nikasema. "Dell. Ameshakwenda."

Alinitazama kama hanijui. Halafu akaketi chini, akamchukua Tick mapajani na kulia.

Nilimshona mkono kwa uzi wa kushonea mbwa, na bega la Mabel kwa uzi huohuo. Maji ya kuoshea vidonda yalichukua sufuria sita za theluji. Dell alinishikia taa kwa mkono mzima. Nikamuuliza, kwa kutaka acheke, kama puma anahesabiwa kuwa mtu. "Huyu alikuwa na adabu kuliko Clete," akasema. Tumecheka wote, lakini nimeona kilichomo ndani yake leo, na sitaki kukiona kikimwelekea mtu. Siku ya 39. Hajapiga mtu.

9 Januari

Nimelala mchana kutwa. Siku ya 40.

17 Januari

Tumekutana na Clete penye barabara nyembamba juu ya kijito. Desturi ni kwamba anayepanda humpisha anayeshuka. Sisi tulikuwa tunashuka. Clete hakusimama. Alileta pua ya lori lake taratibu mpaka ikagusa yetu, akakanyaga mafuta. Alitusukuma nyuma hatua ishirini, matairi yetu yanalia, kijumba kinayumba juu kama mlevi, na tairi moja la nyuma likatoka nje ya ukingo. Chini kulikuwa na mawe na barafu. Rooster na Mabel walikuwa wamefungiwa humo nyuma na niliwasikia wakirushwa ukutani.

Kisha akasimama, akashusha kioo. "Wazee wenye mbwa wengi barabarani ni hatari," akasema. "Siku moja hao mbwa wako watakula kitu kibaya, Lorna, halafu utalia."

Nilikuwa nimeshashika mlango nishuke. Dell alinishika mkono. "Kaa, dada."

"Ametaka kutuua!"

"Ndiyo. Kaa."

Vidole vyake viliniachia alama. Nilipomwangalia alikuwa anamwangalia Clete kwa utulivu mbaya, na nikamwogopa yeye, mdogo wangu mwenyewe. Siku ya 48. Hajapiga mtu.

27 Januari

Dawa ya pinki imekwisha na mjini siendi leo. Nyuma ya kiti kuna dumu la ile ya kijani ya rejeta ya gari. Nimemimina hiyo kwenye sinki, nyingi, ili nisirudie rudie. Siku ya 58.

29 Januari

Ndoo haigandi tena. Dell hana cha kugonga asubuhi, anamwaga tu siku moja moja. Laiti ningefanya hivyo tangu Desemba. Siku ya 60.

1 Februari

Mabel anapepesuka. Anatembea kama mtu aliyetoka baani, ametapika mara mbili. Nadhani ni baridi imeingia kwenye bega lenye kidonda. Nimemfunika kwa koti la Orrin. Siku ya 63.

2 Februari

Alfajiri alikuwa na nafuu, akala kidogo, nikajiona mjinga kwa wasiwasi. Mchana akalala na hakuamka vizuri. Tulimteremsha bondeni kwa daktari wa mifugo, mwendo wa saa mbili, kichwa chake kimelala kwenye paja langu, Dell anaendesha kama gari limeibwa.

Daktari ni kijana mpole. Alimpima damu, akarudi amekunja midomo. "Amekunywa dawa ya rejeta, ile ya kijani. Ni tamu, mbwa wanaipenda. Figo zimekufa. Angekuja jana asubuhi…" Akaweka karatasi ya vipimo mezani. "Kuna mtu aliyeiacha wazi karibu na kambi yenu?"

"Kuna mtu," nikasema.

Walimchoma sindano nikiwa nimemshika. Alinilamba kidole gumba akaacha. Miaka tisa. Nilimwahidi Orrin hospitalini kwamba mbwa huyu atakufa kwa uzee karibu na moto, na amekufa kwenye meza ya bati kwa sababu mwanamume mzima alinikasirikia kwa taa ya gari. Nilipiga teke pipa la taka la yule daktari mpaka likabonyea. Aliliinua tu, maskini.

Siku ya 64. Hajapiga mtu. Nimeandika hivyo kwa mazoea, sijali.

3 Februari

Ardhi haichimbiki. Tumemfunika Mabel kwa mawe chini ya msonobari mkubwa. Baadaye Dell alikwenda kumwaga ndoo, akakaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa mweupe usoni na hakula.

"Dada," akasema, "mwache Clete. Si yeye."

"Unajuaje?"

"Najua tu."

"Alisema kwa mdomo wake watakula kitu kibaya! Ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Mwache."

Hakunitazama machoni. Ninamjua Dell tangu alipokuwa na siku moja. Anapodanganya hutazama mikono yake, na leo aliitazama tangu jioni mpaka tulipolala. Nimeelewa. Anataka nitulie ili aende mwenyewe. Siku ya 65.

4 Februari

Dell hatulii. Anakwenda kwenye kaburi la Mabel na kurudi. Nimempata akigeuza shoka mkononi bila sababu. Miaka minne, na wakimkuta na maiti haitakuwa minne tena. Hawezi kutoka tena akiwa hai, atafia huko. Mimi nina miaka sitini na mbili, sina mume, sina mtoto, sina masharti na sasa sina Mabel. Siku ya 66. Hajapiga mtu, na hatampiga.

5 Februari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa mbili asubuhi Dell alikuwa anayeyusha theluji. Nikamwambia nakwenda kumwangalia Mabel. Nilichukua chuma cha jeki nyuma ya kiti. Clete alikuwa peke yake, amepiga magoti kwenye theluji anafunga minyororo ya theluji kwenye tairi la nyuma, mgongo umenielekea, anapiga mluzi. Jenereta lake lilikuwa linanguruma, hakunisikia.

Nilimpiga sikioni. Akaanguka kifudifudi bila kugeuka. Nikampiga mkono wa kulia, ule wa glavu, na nikasikia ukivunjika, nikaupiga tena palepale. Nilikuwa nasema jina la Mabel. Hapana, afisa, sitaki uandike kwamba nilichanganyikiwa. Nilihesabu. Niliona theluji ikiwa nyekundu nikafurahi, nikainua chuma tena kwa ajili ya kichwa, nikijua ni kichwa.

Dell alinishika kwa nyuma akanibeba mzima mzima, miguu yangu inapiga hewa. Alikuwa amekuja mbio bila koti. Akaninyang'anya chuma.

"Dada, umefanya nini? Umefanya nini, dada yangu?"

"Ili usifanye wewe!"

Alinitazama, na uso wake ukaanguka. Sina namna nyingine ya kuusema. Kisha akapiga magoti, akamlaza Clete ubavu apumue, akavua shati lake mwenyewe akamfunga nalo kichwani. Mikono yake yote ikawa damu, na akakishika kile chuma juu mpaka chini, taratibu, kila mahali.

"Nenda kaoshe mikono," akaniambia.

"Kwa maji gani?"

"Sufuria iko jikoni. Nenda."

Alichukua simu ya Clete mwenyewe akapiga kuita msaada. Naibu wa sherifu alikuja na gari la wagonjwa, mama mmoja mfupi anaitwa Marlys Bohn, aliyewahi kupanda basi la shule nililokuwa nikiendesha. Akatutazama wote wawili. "Nani?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi," Dell akasema. "Nyamaza, dada, usinitetee."

Nami nikanyamaza. Marlys alimfunga pingu. Dell alinipungia kwa kidevu kupitia kioo cha gari, kama anakwenda dukani.

Siku ya 67.

7 Februari

Clete yu hai. Mkono umevunjika mara tatu, sikio moja halisikii. Hakuona aliyempiga, ila anaapa ni Dell. Sijasema kitu. Kila asubuhi naamka nikijiambia leo nitasema.

10 Februari

Dell hayupo, kwa hiyo ndoo nimemwaga mimi. Imejaa tangu alipochukuliwa, haijaganda, na mwanga wa asubuhi ulipoipata niliona rangi yake. Kijani. Nikasimama nayo. Ukingoni kulikuwa na manyoya yamenata, meupe na ya kahawia, mafupi. Manyoya ya kidevu cha Mabel.

Nikaenda shimoni. Barafu ya chini ilikuwa ya kijivu kama siku zote, ya juu ilikuwa kijani, na kunguru wawili wamekufa juu yake, midomo wazi. Maji pekee yasiyoganda katika mlima huu mzima, na niliyaweka mimi, chini ya gari langu, usawa wa kinywa cha mbwa.

Nilirudi kutafuta lile dumu. Nyuma ya kiti halikuwepo. Lilikuwa chini ya godoro la Dell, limefungwa ndani ya shati.

Rooster alikuwa ameketi mlangoni ananitazama. Nilitupa sinki, nasema kweli, niliing'oa kwa mikono pamoja na mpira wake nikaitupa nje kwenye theluji, nikalia mpaka nikatapika.

11 Februari

Nimemwona Dell. Kuna kioo kati yetu na simu ya kuongelea.

"Ulijua," nikasema.

"Siku tuliyomzika. Nilipomwaga ndoo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba umemuua mbwa wa Orrin kwa mkono wako? Nilidhani utamchukia Clete kidogo, kisha itapita. Clete amezoea kuchukiwa, haimnyimi usingizi." Alijikuna kovu la puma. "Sikujua utampiga. Mimi ndiye mpigaji kati yetu, dada. Wewe ulikuwa unahesabu tu."

"Nilidhani unataka kwenda kumuua. Ile mikono yako, lile shoka…"

"Shoka? Nilikuwa najiuliza nitafanyia kazi gani, ndoo haigandi." Alicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia, tukiwa na kioo katikati. Kisha akaacha. "Nenda nyumbani. Mimi nimezoea humu. Kuna maji ya moto."

"Dell, Clete hakufanya."

"Hilo hakufanya. Mengine alifanya. Nenda nyumbani."

12 Februari

Nimeegesha nje ya ofisi ya sherifu. Rooster yuko kwenye kiti cha pembeni, dumu la kijani liko sakafuni na chuma cha jeki tayari wanacho. Ni asubuhi na inanyesha mvua badala ya theluji, ya kwanza tangu Oktoba.

Afisa, ulitaka daftari katikati ya Februari. Nimekuja mapema kidogo. Majira yote haya nilimchunga mdogo wangu kana kwamba yeye ndiye chupa iliyojaa, nikaandika kila siku mikono yake ilikuwa wapi, na sikuandika hata mara moja yangu ilikuwa wapi, isipokuwa ilipokuwa inarusha kitu. Soma tena utaona. Kijiko, chupa ya chai, pipa la daktari. Nilikuwa nakuandikia wewe na sikusoma mwenyewe.

Wakili wangu, kama nitapata, atataka kurasa mbili zichanwe. Hazitachanwa. Ule wa tarehe 27 Januari nimeukunja pembe ili muupate upesi, na ule wa tarehe 5 Februari una damu kidogo ya Clete kwa hiyo utaonekana wenyewe. Rooster nitamwachia Marlys mpaka Dell atoke, naye atatoka leo, maana ulisema sharti ni moja. Nimelifuatilia kama ulivyoniagiza na naweka sahihi yangu hapa chini.

Siku ya 74. Hajapiga mtu.

Lorna Haskett